Fulake ya Nne

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu nililala usiku kama watu wengine, na sikuipenda. Niliamka saa tisa nikazunguka nyumba nzima hapa Katy, nje ya Houston, nikimtafuta mtu wa kumgeuza ubavu. Nilimkuta Baba Mutheu peke yake, naye akaniomba kwa heshima nimwache, kwamba ubavu alioulalia ulikuwa unamtosha.

Ndipo nikaamua kuwaandikia ninyi mliobaki, wauguzi na wasaidizi wa usiku, Wakenya kwa Wakongo, mnaoniita Mama Mutheu na mlioimaliza keki yangu ya kuagwa kabla sijapata kipande. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alirukwa mtazipata kanisani bila shida. Mimi nataka kuandika juu ya usiku wenyewe. Nimeufanyia kazi karibu maisha yangu yote ya Texas, na bado unanishangaza.

Nilianzia Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth, kwenye nyumba ya wazee. Nilikuwa msaidizi tu, shule ya uuguzi ilikuwa bado ndoto. Usiku wa kwanza nilikwenda na viatu vipya vyeupe, nimevinunua kwa ajili ya kazi, na kwa kila hatua vililia kama vifaranga. Kufika katikati ya korido nilikuwa nimeamsha vyumba vinne. Babu mmoja aliyewahi kuwa askari alipaza sauti akitaka nijitambulishe kabla hajafyatua. Hakuwa na cha kufyatua, alikuwa na kikombe cha maji, lakini mimi nilinyanyua mikono juu.

Aliyeniokoa ni Miss Loretta, muuguzi mkuu wa zamu. Alikuwa mama mweusi wa Texas ya mashariki, mwembamba, mwenye sauti ya chini kabisa. Kiingereza chake na changu vilikuwa havijasalimiana, kwa hiyo hakupoteza muda kueleza. Alinikalisha kwenye kiti, akanivua viatu mwenyewe, akanipa soksi nene kutoka kwenye mkoba wake. Nilifanya kazi na soksi hadi asubuhi. Sikuwahi tena kuvaa kiatu cha kazi kabla ya kukijaribu jikoni kwangu usiku, watoto wakiwa wamelala.

Loretta alinifundisha kwa vitendo, na mengi ya hayo hamtayakuta kwenye mafunzo ya kompyuta. Tochi humwashii mtu usoni. Unaifunika kwa kiganja hadi mwanga upite katikati ya vidole, mwekundu na mpole, na huo unatosha kuona kama shuka limelowa. Mikono huipashi joto kwa kuisugua mbele ya mgonjwa. Unaiweka kwapani ukiwa bado koridoni. Na kabla ya kuingia chumbani unasimama mlangoni kidogo, hata kama kengele imelia mara tatu, ili chumba kikuzoee. Nilimuuliza chumba kinamzoeaje mtu. Alinitazama kwa huruma, akaenda zake. Ilinichukua muda kuelewa, na sasa nikiulizwa na ninyi natazama vilevile.

Maisha ya mchana ndiyo yalikuwa kazi ngumu. Madirisha ya nyumba yetu ya kupanga tuliyabandika karatasi ya alumini, ile ya kufunikia chakula, ili jua la Texas lisiingie, na nadhani majirani waliamini tunaficha kitu. Mutheu alijifunza kunong'ona kabla ya kujifunza kuongea vizuri. Kina mama wa kanisa walikuwa wakipiga simu saa tano mchana, na kumsikia mtoto akiwajibu, "Mom is sleeping, it's her night." Halafu Jumapili wananishika mkono na kusema, "Pole na usingizi." Niliacha kueleza.

Nilisoma, nikapata leseni, na tulipohamia Houston nikaingia hospitali kubwa, wodi ya upasuaji, usiku. Sitaisema sana. Kule kila kitu kinalia, na mtu akizoea mashine anasahau kusikiliza. Nilipopata nafasi katika hospisi ndogo ya Stafford, nyumba ya watu ambao daktari ameshasema dawa ya kuponya haipo tena, nilikwenda bila kutazama nyuma. Ilikuwa na vyumba vichache, jiko la kweli, na wasaidizi wengi walitoka mtaa wa Alief, Wakongo. Chakula cha saa sita usiku tulikula pamoja, wao na fufu yao, mimi na ugali wangu, na ubishi wa kipi kimepikwa sawasawa haujaisha hadi leo.

Hapo ndipo nilipompata Mwalimu. Alikuwa mzee wa Kizungu aliyefundisha Kigiriki cha kale chuoni maisha yake yote. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa, na usingizi ulikuwa umemkimbia. Usiku wa kwanza nilipoingia na tochi yangu kiganjani aliniuliza, "Hii ni fulake ya ngapi?"

Nilidhani dawa imemzidi. Yeye akacheka, akanieleza polepole. Watu wa kale, alisema, hawakuwa na saa ya ukutani ya kuwaambia giza limefika wapi. Waliupima usiku kwa walinzi. Mlinzi anasimama sehemu yake, anachoka, anabadilishwa na mwenzake, na kila sehemu hiyo ya usiku Wagiriki waliiita fulake. Wagiriki wenyewe walizoea kuugawa usiku mara tatu, Warumi walipoutawala ulimwengu wakaugawa mara nne. Nikamwambia sisi watu wa kanisani tunaijua zamu ya nne ya usiku, tumeisikia tangu utotoni, ila hakuna aliyewahi kutuambia kwamba nyuma yake kuna mtu aliyesimama na kusinzia.

Kisha nikamwambia jambo lingine, kwa kuongea tu. Kwamba kwetu saa za usiku tunaanza kuzihesabu jua linapozama. Saa moja ya usiku ni saa ya kwanza ya giza. Mwalimu alijiinua kwenye mto, mtu ambaye jana yake hakuweza kuinua kijiko. Alinitaka nimhesabie. Nikahesabu: zamu ya kwanza inaisha saa tatu, ya pili inaisha saa sita, ya tatu saa tisa, ya nne saa kumi na mbili, na jua hili hapa. Hakuna nusu wala robo. Machozi yalimtoka. Alisema amefundisha neno lile maisha yake yote kama kitu kilichokufa, kumbe watu wanaamka nacho na kupigiana nacho simu. Mimi nami nilisimama pale nimeshika sponji ya kulowesha midomo, mwili umenisisimka, maana nimeitumia saa hiyo tangu nizaliwe na sikuwahi kuona kwamba ni ya ajabu.

Tangu hapo niligawa usiku wangu kwa fulake, na baadhi yenu mmenisikia nikilitumia neno hilo mkacheka. Zamu ya kwanza ni ya wageni, vidonge na ahadi za kesho. Ya pili ni ya kengele. Mtu anaita anataka maji, lakini maji yapo, anachotaka ni uso. Ya tatu watu husema kweli, hata wale ambao mchana walikuwa na adabu. Ya nne sijui niiseme vipi. Joto la mwili linashuka, hewa inakuwa nyepesi, na mtu aliyenyamaza siku nyingi anaweza kufungua macho akakuita kwa jina. Wengi huondoka katika saa hizo. Takwimu sina, nina miguu iliyosimama. Mwalimu mwenyewe aliondoka katika zamu ya pili, usingizini, bila kengele, akaniharibia nadharia yote.

Sasa niwaeleze usiku wa Mama Riziki. Majina si yao, na binti ameniruhusu.

Mama Riziki alikuwa Mkongo wa Kivu, amekaa kambini muda mrefu kabla ya kuletwa Houston. Ini lake lilikuwa limechoka kabisa. Riziki, binti yake mkubwa, huhudumia wazee majumbani kwao, kwa hiyo alichokuwa anakiona kitandani hakuhitaji kutafsiriwa. Mtoto wa mwisho, Byamungu, alikuwa Fort Worth, anaendesha foklifti kwenye ghala, zamu ya usiku kama sisi. Mchana kutwa mama aliuliza jambo moja tu: "Byamungu amefika?" Jioni akaacha kuuliza, maana sauti ilikuwa imekwisha, lakini kila mlango ulipofunguliwa macho yalikwenda mlangoni. Hakuna kingine alichokuwa anakisubiri duniani.

Riziki alimpigia ndugu yake katika zamu ya kwanza. Nilikuwa nabadilisha shuka, nikasikia yote.

"Byamungu, uko salama? Mama anakusalimia. Ameshikwa kidogo. Ukipata nafasi, uje."

Nyuma ya sauti ya kijana kulikuwa na kelele za mashine. "Mumupe pole. Nitakuja samedi, yaya."

Kwao yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto kama kwetu Kenya. Samedi ni Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Ninyi mnaelewa alichokifanya Riziki. Sisi mtu aliye mbali hatumtwishi mzigo kwenye simu. Unampigia kwa sauti nyepesi, unasema mgonjwa ameshikwa kidogo, na kazi ya kusikia uzito ni yake. Nyumbani, simu ya namna hiyo ingemfanya mtu avae viatu kabla hajaikata. Angejua. Lakini kijana huyu amekulia kwenye makambi na maghala, na katika kelele ile alisikia maneno jinsi yalivyo. Mama ameshikwa kidogo. Basi Jumamosi.

Kabla zamu ya pili haijaisha pumzi ya mama ilibadilika. Mnaifahamu hiyo. Zinakuja nyingi, fupifupi, zinapanda, zinashuka, halafu kimya, kimya kirefu mpaka unainuka kwenye kiti, halafu zinaanza tena. Nilimwita Riziki pembeni, karibu na dirisha.

"Hatafika Jumamosi," nilimwambia. "Sidhani kama ataiona asubuhi."

"Najua, mama infirmière." Ndivyo walivyoniita, mama muuguzi.

"Byamungu hajui."

"Anajua. Nimemuambia akuje."

"Umemwambia akipata nafasi."

Alinitazama kwa hasira, na nilimwelewa. "Wewe haujui ile njia," alisema. "Cousin yetu, tulimuambia mama yake amekufa, iko ku volant, anaendesha, anatoka Dallas. Tulizika bawili. Mama na mutoto, wiki moja. Sasa unataka nimuambie na huyu? Anabakia moja tu. Niko na ndugu moja tu."

Nilikaa naye. Kitandani, juu ya mngurumo wa mashine ya oksijeni, pumzi zilisimama, zikarudi. Nilichoweza kumwambia ni kile nilichokiona: mama anafanya kazi. Ule mwili ulikuwa umekwisha tangu mchana. Hakukuwa na mkojo, miguu ilikuwa ya baridi hadi magotini, na bado macho yalikuwa nusu wazi, yametazama mlango. Nimeona watu wengi wakisubiri, lakini sijazoea, na namwomba Mungu nisizoee. "Anamngoja," nilimwambia Riziki. "Anajitahidi kuliko sisi wote tulio kwenye chumba hiki."

Saa sita ilipopita, ndani ya zamu ya tatu, Riziki alininyooshea simu. "Muambie wewe. Mimi mudomo yangu itakataa."

Nilimpigia. Nilijitaja, nikamwambia azime mashine, ashuke, atafute mahali akae. Nilisubiri mpaka kelele zikawa mbali. Kisha nikamwambia bila kuzunguka, kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza ningeweza kujificha nyuma ya maneno ya hospitali: mama yako anakufa, ni usiku huu, na kama unataka kumwona akiwa hai ondoka sasa.

Hakulia. Aliuliza kama mama anasikia. Nilisema nadhani anasikia. Baada ya muda nikasikia mlango wa gari.

Halafu akauliza swali nililokuwa naliogopa. "Mama, kama anaenda mbele nifike, mutaniambia?" Kwao mbele ni kabla.

Riziki, aliyekuwa amesogeza sikio karibu na simu, alitikisa kichwa kwa nguvu. Nilitafuta neno, nikapata hili tu: "Endesha polepole, baba."

Alielewa. Huyu sasa alisikia uzito wote. "Basi," alisema, "weka telefone karibu na mudomo yake. Nitasikia mimi mwenyewe."

Tuliiweka juu ya mto, imechomekwa kwenye chaji, kidogo tu kutoka midomoni mwa mama yake. Yeye akaiunganisha na spika za gari. Nilimwonya kama ninavyowaonya ndugu wote: pumzi itasimama, halafu itarudi, ikisimama, wewe usisimame. Na akaingia barabarani.

Fikirieni hilo. Kijana peke yake garini, usiku wa manane, na mama yake anapumua kutoka kwenye milango yote minne. Hakuwasha redio. Hakuongea, isipokuwa kutaja miji. "Niko Corsicana." Baadaye, "Niko Madisonville." Kila alipotaja, mimi au Riziki tulimwambia aende polepole, na macho ya mama yalitikisika. Narudia, yalitikisika. Nilikuwa na tochi yangu kiganjani na niliyaona.

Nimesimama kwenye vyumba vya watu wanaokufa miaka mingi, na sikuwahi kuona usiku ukivutwa namna ile. Upande mmoja mwanamke anavuta pumzi ambayo haipo, upande wa pili mtoto anaifuata kama mtu anayefuata kamba gizani. Sikuweza kukaa. Nililowesha midomo ya mama, nikampaka mafuta, nikabadilisha kitambaa cha paji la uso kilichokuwa bado kizuri. Riziki alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, shavu lake karibu na la mama, na bila kujua alikuwa akipumua pamoja naye.

Zamu ya nne iliingia. Saa tisa ilikuwa imepita kidogo Byamungu aliposema anaona taa za Huntsville. Mama alitoa pumzi, ndefu, ya utulivu. Tukangoja irudi.

Tulingoja. Niliweka stethoskopu kifuani, nikasikiliza muda ule tunaotakiwa kusikiliza, kisha nikaongeza mwingine wa kwangu. Riziki alinitazama. Nilimwinamishia kichwa.

Kwenye simu hakukuwa na kitu ila mngurumo wa gari. Halafu sauti ya Byamungu, ndogo kabisa: "Alo?"

Riziki alifungua mdomo. Nilijua kilio kinachokuja, nimekisikia mara nyingi, na nilinyoosha mkono kuchukua simu. Hakulia. Aliinama juu ya mto, akaweka midomo mbele ya simu, kando ya midomo ya mama yake, na akapumua.

Fupi, fupi, zikapanda, zikashuka. Kisha akanyamaza, kimya kirefu, kama mama. Kisha akaanza tena. Alikuwa ameukalia mwendo ule usiku kucha, aliujua wote, hata kile kikwaruzo kidogo mwishoni.

Mimi kazi yangu naijua. Mtu akishaondoka unafunga macho yake, unazima mashine ya oksijeni, unaandika saa, unaita. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi ya mashine nilipogundua kwamba kijana atasikia ikizimika. Niliuondoa. Mashine ikaendelea kunguruma, ikimpelekea hewa mtu asiyeihitaji tena. Msaidizi alichungulia mlangoni, nikamwonyesha kiganja, akarudi nyuma bila sauti. Saa niliiandika mkononi kwa kalamu. Macho ya mama niliyafunga kwa vidole viwili, taratibu. Nilikuwa na hofu, si ile ya kukimbia, ni ile inayomfanya mtu aongee chini bila kuambiwa. Mama amekufa amelala pale, binti yake anapumua kwa niaba yake, na hapana chozi hata moja, kwa sababu machozi yana sauti.

"Niko Conroe, yaya," alisema Byamungu baadaye.

Riziki hakuweza kujibu. Asingeweza kuwa dada na mama kwa wakati mmoja. Nilijibu mimi kwa niaba ya wote. "Endesha polepole, baba. Tupo."

Jasho lilimtoka Riziki. Midomo ilikuwa imekauka, na nilitwaa sponji ya mama yake nikamlowesha yeye. Kuna wakati kizunguzungu kilimshika, nikamshika mabega kwa nyuma, naye hakuacha. Pumua, nyamaza, anza tena. Sijui kama niliomba. Nadhani kusimama pale kulikuwa ndiyo maombi.

Nje ilikuwa bado giza taa za gari zilipopita dirishani. Tulisikia mlango, kisha viatu vya kazi vya chuma koridoni, kisha simu mbili zikapigiana mluzi mkali kwa kukaribiana, kwa sababu simu ya Byamungu ilikuwa bado wazi mkononi. Alisimama mlangoni na fulana ya ghala, ile ya rangi ya kung'aa. Ni kijana mkubwa, mabega yalijaza mlango.

Hakuuliza. Alikwenda kitandani, akashika miguu ya mama yake, miguu yote miwili kwa mikono yote miwili, akaiinamia kwa muda mrefu. Riziki alikuwa bado amepiga magoti, ameuinamia mto, bado anapumua zile fupifupi, kama mtu aliyesahau njia ya kurudi.

Byamungu alikata simu. Kisha akazunguka kitanda, akachuchumaa mbele ya dada yake.

"Tangu Huntsville," alisema, "ile ilikuwa pumzi yako."

Riziki aliinua uso kutoka kwenye mto.

"Tulilala ku mukeka moja miaka yote ya kambi, yaya. Pumzi yako naijua."

"Sasa kwa nini haukusema?" Sauti ilikuwa imemkauka kabisa.

"Ningesema, ungeacha," alisema Byamungu. "Na mimi nilikuwa bado mbali."

Alimshika uso. "Nimefika," akamwambia. "Sasa lia."